Ujumbe Namba 412

Nimesh alizaliwa juu ya studio ya picha, na alipofika umri wa miaka hamsini na sita alikuwa bado analala katika chumba kile kile, juu ya sakafu ile ile ya mbao iliyonuka dawa. Studio yenyewe ilikuwa imekwisha. Kwa miaka arubaini baba yake, Shantilal, alikuwa amepiga picha nusu ya mji wa Nakuru: maharusi, wakulima waliovaa makoti ya kuazima, watoto waliotishwa kidogo ili watulie. Kisha zikaja kamera za kidijitali, zikaja na simu zenye kamera, na watu wakaacha kupanda zile ngazi tatu za mlangoni. Nimesh akageuza chumba cha mbele kuwa duka la madaftari na vitabu vya shule. Chumba cha nyuma, kile cha giza ambamo filamu husafishwa, alikiacha kama kilivyokuwa.

Hakuoa. Dada yake Prachi, aliyefiwa na mume akiwa bado kijana, ndiye aliyekaa naye na ndiye aliyeuza dukani, kwa sababu Nimesh hakuwa na subira na wateja. Alikuwa mtu mwembamba, mwenye vidole vilivyogeuka rangi ya chai kwa sababu ya dawa, na mwenye tabia ya kuwamalizia wenzake sentensi. Picha alikuwa bado anapiga, nyeusi na nyeupe, si za kuuza. Alipiga ziwa, treni za mizigo, wazee waliocheza karata nyuma ya hekalu. Kila Jumapili alisafisha filamu moja au mbili, akachapisha picha chache, kisha negativu, zile kanda za filamu zenye picha iliyogeuzwa weusi na weupe, akazitia kwenye bahasha, bahasha kwenye boksi, na boksi akalisukuma chini ya kitanda.

Maisha yake yangeishia hapo, kama mwaka wa 2002 asingeanzisha kikundi kwenye mtandao.

Kikundi kiliitwa Chumba cha Giza. Wanachama walikuwa sitini na kitu, watu walioipenda filamu wakati wengine walikuwa wanaitupa: daktari wa meno, mwalimu wa sekondari, muuguzi, karani wa reli, wakulima wawili. Wengi hawakuwahi kuonana. Mtu aliandika swali kwa barua pepe, likawafikia wote, na aliyejua akajibu. Kila ujumbe ulipata namba na ukahifadhiwa, ili yeyote aweze kurudi nyuma akausoma. Na aliyejua, mara nyingi, alikuwa Nimesh. Walimwita Mwalimu. Kwa mtu ambaye mjini alijulikana tu kama kijana wa Shantilal, hata baada ya mvi kumjaa, jina hilo lilikuwa tamu, na alilizoea upesi.

Alikuwa na sheria moja, ameiandika kwa herufi kubwa kwenye ukurasa wa kwanza: SWALI LILILOJIBIWA HALIRUDIWI. Mgeni akiuliza jambo lililokwisha kuulizwa, Nimesh hakupoteza maneno. Alimtajia namba ya jibu la zamani, basi.

Namba aliyoitaja kuliko zote ilikuwa 412.

Swali lake liliulizwa Machi 2004 na Mwaura, mkulima wa viazi na njegere kutoka upande wa Molo. Mwaura alikuwa mmoja wa wachache ambao Nimesh aliwajua kwa sura, maana kamera yake aliinunua pale pale dukani, ya mitumba, akaibeba ndani ya kofia yake kana kwamba ni yai. Aliandika hivi:

"Mwalimu, kitabu kinasema filamu ikitoka kwa dawa ya mwisho isuuzwe saa nzima kwa maji yanayopita. Kwetu maji tunateka bondeni na punda. Mke wangu, jina lake Wangu, ananiuliza ni mnyama gani huyu nimeleta nyumbani anakunywa kuliko ng'ombe. Nisuuze na maji kiasi gani?"

Nimesh hakuhitaji kufikiri. Nakuru pia maji yalikuwa ya mgao. Mfereji ulitoa maji siku mbili kwa wiki, na siku nyingine ulikohoa hewa tu. Kila nyumba ilikuwa na mapipa bafuni. Maji yaliyooshea mchele yalioshea sufuria, yaliyooshea sufuria yakaoshea sakafu, na mwisho yakaenda kwenye bustani ya sukumawiki. Mtu aliyekulia kwenye mapipa hayo hawezi kutazama maji safi yakipita bure kwa saa nzima. Shantilal alifanya hivyo zamani, mji ukiwa mdogo na mifereji ikiwa na nguvu. Nimesh yeye, tangu mgao uanze, alitumia nusu ndoo mara tatu, dakika moja moja, na dawa ya mwisho, ile ya kukaza picha, aliitumia tena na tena mpaka ikabadilika rangi. Filamu zilitoka zinang'aa. Alijivunia jambo hilo kama mama mpishi anayejivunia kulisha watu kumi kwa kuku mmoja.

Alijibu: "Nusu ndoo mara tatu inatosha kabisa. Mimi ninafanya hivyo mwaka wa nane huu na sijaona kasoro. Mwambie Wangu ng'ombe wamesalimika."

Watu kumi na mmoja waliandika kushukuru. Jibu hilo ndilo likawa ujumbe namba 412.

Novemba 2007, mji ukiwa umejaa mabango na vipaza sauti vya kampeni, mwanachama mpya aliyejitambulisha kama Shiko wa mtaa wa Free Area aliuliza kuhusu kusuuza filamu kwa maji machache. Nimesh akamjibu kwa neno moja na namba. Wengine wakipewa namba walinyamaza. Shiko aliandika tena.

"Asante, nimeisoma 412. Lakini hiyo ni ya 2004. Nilitaka kujua, zile filamu mlizosuuza hivyo wakati huo, leo zikoje? Kuna mtu amezitazama?"

Nimesh alimsomea Prachi ujumbe huo, akisubiri waudhike pamoja.

"Sikia huyu mtoto. Eti kuna mtu amezitazama!"

Prachi alikuwa juu ya kiti, anapanga madaftari. "Na wewe umezitazama?"

"Prachi, swali hili lilijibiwa zaidi ya miaka mitatu iliyopita."

"Bhai, kaka yangu, nikikuuliza leo kama umekula, utaniambia ulikula 2004?"

"Wewe mambo ya filamu huyajui."

"Siyajui. Najua tu umekasirika."

Alikuwa amekasirika kweli. Aliandika kwamba mjadala umefungwa. Wiki hiyo hiyo Shiko akajiondoa kikundini bila kuaga, na hakuna aliyemuulizia.

Kisha uchaguzi ukaja, na baada ya uchaguzi yakaja mambo ambayo watu wa Nakuru mpaka leo huyasimulia wakitazama pembeni. Duka lilifungwa. Barabara ilikuwa kimya kwa namna ambayo si ya amani. Nimesh na Prachi walikaa juu, mapazia yamefungwa, redio ikizungumza chini chini, na kila gari lililopita waliligeukia. Tarehe mbili Januari, saa nne asubuhi, kwa kuwa hakuwa na jambo lingine la kufanya kwa mikono yake, Nimesh alivuta maboksi kutoka chini ya kitanda.

Alitaka kumtazama baba yake. Shantilal alikuwa amefariki mwaka 2005, na miezi ya mwisho Nimesh alimpiga filamu tatu: mzee juu ya paa na gazeti, mzee akinyolewa, mzee akilala na miwani usoni. Alichapisha picha mbili za matanga, zilizobaki akaahidi kuzichapisha baadaye. Sasa alitoa ukanda wa kwanza, akauinua dirishani kwenye mwanya wa pazia.

Ulikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Madoa ya njano yalikuwa yametambaa kutoka pembeni kuelekea katikati, na mahali palipokuwa na uso pamebaki weupe hafifu, kama maandishi kwenye leso iliyofuliwa miaka mingi. Alitoa wa pili. Alitoa wa tatu. Akafungua boksi la 2001, la 1999, la 1997. Yote yalikuwa vile vile, na kadiri yalivyokuwa ya zamani ndivyo yalivyozidi. Mwisho alifungua kabati la baba yake, akatoa bahasha yenye maandishi ya 1971, harusi ya watu ambao labda wote wamekufa. Ilikuwa safi kabisa. Ungeweza kuhesabu nyuzi za sari.

Hakuhitaji kitabu kumweleza. Dawa isiyosuuzwa ikaisha hubaki ndani ya filamu, na polepole, mwaka baada ya mwaka, huila picha. Filamu isiyosuuzwa vizuri inang'aa siku hiyo. Inang'aa mwezi ujao pia. Swali la Mwaura halikuwa na jibu mwaka 2004. Lilihitaji mtu wa kurudi baadaye kuangalia, naye Nimesh alikuwa amekataza watu kurudi. Aliandika kwamba hajaona kasoro, na hakudanganya. Hakuwa amefungua boksi hata moja.

Prachi alimkuta amekaa sakafuni katikati ya bahasha.

"Ni za Baba?" aliuliza.

"Zilikuwa."

Alichukua ukanda mmoja, akautazama, akaurudisha taratibu. Kisha akasema, "Na wale wa kikundi? Si uliwaambia wafanye hivi hivi?"

"Kumi na mmoja walishukuru. Wengine wamesoma tu."

"Zao zinaweza kuponywa?"

"Zisizoharibika sana, ndiyo. Zikirudishwa kwa dawa mpya, halafu zisuuzwe inavyopaswa, zitabaki pale zilipofika. Joto na unyevu ndivyo vinavyoharakisha. Kila siku ni hasara."

"Basi waandikie leo. Laini ya simu iko, mtandao unashika."

"Prachi, watu wanakimbia na watoto mgongoni, mimi niwaandikie habari za negativu?"

Ilikuwa sababu nzuri, ya mtu mwenye utu, na ndiyo maana alijificha nyuma yake. Aliketi mbele ya kompyuta siku hiyo, na siku ya pili, na wiki iliyofuata. Alianza: Wapendwa, kuhusu namba 412. Akafuta. Alimwona kila mmoja wao akisoma na kuinua kichwa. Mwisho wa Januari ghasia zikaingia Nakuru yenyewe, moshi ukasimama upande wa mtaa wa Rhonda, na amri ya kutotoka nje ikawekwa, na Nimesh, kwa aibu ambayo hakumwambia hata dada yake, alihisi amepewa muda zaidi. Februari ikaingia. Hakuwa ameandika neno.

Tarehe nane Februari ujumbe ulikuja kikundini kutoka kwa Mwaura, kutoka kwa kompyuta ya kulipia mjini.

"Jamani mimi ni mzima. Niko hapa Nakuru, kambi ya wakimbizi ya Showground, pamoja na wengine. Nyumba ilichomwa, na ng'ombe hatujui. Nilitoka na watoto wa dada yangu na kopo la filamu. Mnajua Wangu aliaga dunia mwaka 2006. Kila picha yake ya ukutani iliungua, lakini negativu ninazo zote, sita, kwa hivyo namshukuru Mungu. Mambo yakitulia Mwalimu atanichapishia."

Nimesh alisoma mstari wa mwisho mara nyingi. Kisha akaandika, bila kuketi vizuri, na bila Wapendwa:

"Jibu langu namba 412 ni kosa. Filamu zote nilizosuuza kwa nusu ndoo mara tatu zimegeuka njano na picha inafutika, pamoja na za mwisho za baba yangu. Wote mliofuata, zitazameni leo. Zirudisheni kwa dawa mpya, halafu msuuze saa nzima, maji yabadilishwe kila dakika tano. Sheria ya kutorudia maswali nimeiondoa. Mwaura, nakuja."

Jibu la kwanza lilifika kabla hajapata viatu vyake. Lilitoka kwa Chepkemei, muuguzi aliyekaa Longonot, mmoja wa wale kumi na mmoja.

"Zangu ziligeuka 2006," aliandika. "Nilidhani ni mimi nilikosea. Nilitaka kuuliza, nikaandika kabisa, halafu nikakumbuka utanitajia namba. Nikazitupa."

Prachi alisoma juu ya bega la kaka yake. Safari hii hakuwa na mzaha. Alikwenda kumletea koti.

Kule Showground aliuliza kwa jina kutoka hema hadi hema, akirushiwa macho na watu waliodhani ameleta msaada. "Boss, ni blanketi?" mwanamke mmoja alimwuliza. Alimjibu hapana, akaona haya kwa mikono yake mitupu. Mwaura alikuwa ameketi juu ya debe lililopinduliwa, anamsuka mtoto nywele vibaya. Alikuwa amekonda mpaka kofia ikamshukia kwenye masikio.

"Mwalimu! Mwenyewe!" alisimama, akampa mkono kwa mikono yote miwili. "Umeacha duka ukuje kwa matope?"

"Mwaura, pole. Pole sana kwa yote. Umesoma nilichoandika?"

"Nilituma yangu nikatoka, sitarudi hadi Ijumaa ijayo, nikipata wa kunilipia. Kuna nini?"

"Hizo filamu ziko wapi?"

Kopo lilikuwa la majani ya chai, limening'inizwa kwa waya kwenye mti wa hema, mahali ambapo jua la mchana liligonga turubai. Mwaura alieleza kwa fahari kwamba mvua ya mwezi uliopita ilipita chini ya hema ikaingia kwenye kopo kidogo, ndipo akalipandisha juu, na mchana huwa anafungua kifuniko zikauke vizuri. Nimesh alipofungua, harufu ya dawa na unyevu ikamwambia kila kitu. Alimweleza hapo hapo, amesimama, kwa maneno machache, hadi maboksi yaliyolala chini ya kitanda bila kufunguliwa. Mwaura alisikiliza huku ameshika kichana.

"Lakini Krismasi nilizitazama kwa dirisha," alisema. "Alikuwa yuko, Wangu."

Walitembea mpaka dukani pamoja, mzee huyu na koti lake na mzee yule na kopo lake, wakipita maduka yaliyofungwa. Siku hiyo mfereji ulikuwa mkavu. Prachi alimwita Dalmas, aliyeuza maji kwa mkokoteni, naye akashusha mitungi kumi na miwili mlangoni.

"Mathe, mnaogesha ng'ombe?" Dalmas alimwuliza Prachi.

"Weka tu, Dalmas. Na urudi na mingine."

Nimesh alikoroga dawa mpya, pakiti aliyokuwa akiibania tangu mwaka uliopita. Akazitia filamu, akazitoa, akaanza kusuuza. Beseni likajaa, dakika tano zikapita, akamwaga, akajaza tena. Mwaura alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama beseni la nne likimwagwa, na la tano.

"Kule tunapanga laini na mtungi tangu saa kumi na moja asubuhi," alisema. "Mama mmoja alipigana jana. Na wewe unamwaga hivi."

"Ndivyo inavyotakiwa. Ndivyo nilivyopaswa kukuambia."

"Wangu angekufukuza na mwiko."

Nimesh hakujua kama ni ruhusa ya kucheka, kwa hivyo hakucheka. Akajaza beseni la sita.

"Wewe ulijua lini?" Mwaura aliuliza.

Ilikuwepo njia ya kujibu bila kujibu. Angeweza kusema mwaka huu. Angeweza kusema niliandika leo. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji, na maji yalikuwa baridi.

"Tarehe mbili Januari."

Mwaura alihesabu, ungemwona akihesabu. "Mimi nilifika Nakuru tarehe nne. Kopo halikuwa limeingia maji bado." Akatazama beseni. "Ningekuja kwa miguu. Si ni hapa tu?"

"Ni hapa tu."

"Ulikuwa unaogopa nini, Mwalimu? Mimi?"

"Niliogopa mtaacha kuniita hivyo."

Mwaura akatoka. Nimesh alisikia kiti cha dukani kikivutwa, na Prachi akiuliza kama atakunywa chai, na jibu ambalo halikusikika. Akaendelea kumwaga na kujaza mpaka saa ikaisha, kwa sababu hilo tu ndilo aliloweza kufanya kwa haki.

Filamu zilipokauka aliziweka kwenye meza ya kioo yenye taa chini yake. Mwaura alirudi akainama pembeni. Nne zilikuwa na doa lakini zingechapika: ndama, mavuno ya njegere, watoto wa jirani kwenye ua, nyumba yenye mabati mapya ambayo sasa haipo. Ya tano ilikuwa nusu kwa nusu. Ya sita ndiyo iliyokuwa ya Wangu, na ilipigwa Januari 2006, mwaka wa ukame, wakati punda walirudi bondeni na mitungi mitupu. Mwaura aliisuuza kwa maji ya bakuli. Juu ya kioo ilionekana kama kipande cha nailoni ya njano, na katikati kivuli cha mtu aliyesimama.

"Iweke dawa nyingine," Mwaura alisema.

"Dawa inazuia tu. Kilicholiwa hakirudi."

"Basi amekwisha."

Nimesh alizima taa ya meza. Alikumbuka jambo ambalo baba yake alimwonyesha utotoni kama mchezo. Alichukua karatasi nyeusi inayofungiwa ndani ya pakiti za karatasi za picha, akaiweka karibu na dirisha, akalaza ukanda juu yake, akauinamisha polepole mpaka mwanga ukaupiga kwa upande. Kwenye weusi ule kivuli kikageuka. Palipokuwa na giza pakawa na weupe, na mwanamke akatokea, mdogo kama ukucha, amesimama mlangoni na ungo mkononi, kichwa kimeinuka, anamsemesha anayempiga picha. Nusu ya chini ya uso haikuwepo.

Mwaura aliondoa kofia. Alisogea kidogo, na yule mwanamke akapotea. Akarudi alipokuwa, naye akarudi.

"Alikuwa ananiambia niache upuzi nikafunge ndama," alisema.

Nimesh akasema, "Naweza kumpiga picha hivi alivyo, kwa kamera, juu ya karatasi hii. Filamu mpya. Haitakuwa nzuri, lakini itakuwa yako na haitafutika."

Mwaura alimtazama kwa mara ya kwanza tangu aulize lile swali la tarehe. "Halafu utaisuuza na nini?"

"Na maji yote yaliyobaki."

"Nitakaa hapo nihesabu mabeseni."

Alihesabu. Alikaa kwenye kigoda ndani ya chumba cha giza na kutaja kila beseni kwa sauti, moja, mbili, tatu, mpaka kumi na mbili, kama anayehesabu magunia, na kila alipotaja Nimesh aliitikia. Mtungi wa mwisho ulipokwisha Mwaura alimwambia Nimesh asimame, aende aangalie kama Dalmas amerudi. Alikuwa amerudi. Wakaongeza mabeseni mawili ambayo hayakuhitajika.

Jumatatu Mwaura alikuja kuchukua picha. Ilikuwa ndogo, ya kijivu, na Wangu ndani yake alikuwa kama mtu anayeonekana nyuma ya dirisha lenye ukungu. Mwaura aliishika kwa kingo, akaipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakaa nayo hapo mpaka mteja mmoja akalazimika kupita ubavuni mwake.

"Ni yeye," alisema aliporudi. "Kidogo."

Prachi alimfungia picha kwenye kadi mbili ngumu ili isipindike. Nimesh akamletea bahasha ya negativu, ile mpya pamoja na zile sita za zamani. Mwaura alizitazama, asizipokee.

"Kule ni turubai," alisema. "Mchana ni kama tanuri. Wanasema tutapelekwa kwingine, hakuna anayejua ni wapi." Aliisukuma bahasha kwa kidole kimoja juu ya kaunta, irudi upande wa Nimesh. "Sina pa kuziweka."

Nimesh aliishika bahasha kwa mikono miwili.

"Lakini usizisukume chini ya kitanda," Mwaura alisema. "Ziweke mahali utaziona. Mimi nitakuja kuuliza, na utanionyesha. Si kuniambia. Kunionyesha."

Alivaa kofia, akatia picha ndani ya shati, akashuka zile ngazi tatu akishikilia kifua kwa mkono mmoja. Nimesh alibaki na bahasha mkononi. Aligeuka, akaanza kuangaza macho dukani, rafu moja baada ya nyingine, akitafuta mahali pasipo na jua.